Futi Mia Moja na Themanini za Hawe Nyamvula

Wazo la kutoza kwa futi lilikuwa la Mueni, asije mtu akakudanganya kwamba lilikuwa la mwingine. Yeye ndiye aliyelitoa, na siku lilipopita kikaoni alipigiwa makofi mpaka akaona haya. Mueni ni fundi cherehani, Mkamba aliyeshuka Mombasa akiwa msichana na hakurudi kwao tena ila kwa matanga na Krismasi. Ana nyumba ya vyumba vitatu kwenye njia moja ya Utange, huku Kisauni, na chumba cha mbele ndicho anachoshonea. Sasa fundi cherehani humwambia nini mteja? Humwambia lete yadi tatu, au lete yadi nne, kulingana na mwili wako. Hawaambii mnene na mwembamba walete kitambaa sawasawa. Basi Mueni akasimama mbele ya majirani zake akasema barabara nayo itozwe hivyo hivyo: kila mtu alipe urefu unaopita mbele ya ua wake.

"Hapo umenena, mama!" akasema Absalom, mwenyekiti wa kamati. "Futi haina shangazi wala mjomba."

Ungewaelewa kwa nini walifurahi. Kwa miaka miwili mtaa ule ulikuwa umeshindwa kuelewana. Mwaka wa kwanza walisema kila nyumba itoe sawa. Wenye vibanda wakauliza kwa nini walipe sawa na wenye ghorofa, wakanyanyuka wakaenda zao. Mwaka wa pili wakasema kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake. Lo! Siku hiyo ndiyo ilipogunduliwa kwamba mtaa mzima hakuna mwenye uwezo. Mtu ana gari mbili uani, alitoa shilingi mia tano na akadai risiti.

Na masika hayangoji kikao. Mvua ikianza, njia ile huwa tope tupu. Tuktuk zinakataa kuingia, na watoto wanakwenda shule viatu mkononi. Masika yaliyopita maji yalivuka kizingiti cha Mueni yeye akiwa sokoni Kongowea kununua nyuzi. Alirudi akakuta nguo nane za wapambe wa bibi harusi zinaelea kwenye maji ya kahawia. Alinunua kitambaa kingine kwa pesa zake, akazishona upya zote, na bado yule bibi harusi hamsalimii mpaka leo. Ndipo Mueni akaapa: masika mengine hayamkuti bila barabara ya kabro, yale matofali ya saruji yanayotandazwa chini. Hakuna mtu aliyeitaka barabara ile kama yeye.

Mtandaza kabro walimpata, mtu wa Kisauni aitwaye Faki, fundi mzuri lakini aliyekwisha umwa na nyoka. Mitaa mingi ilikuwa imemlipa nusu, na nusu nyingine ikawa hadithi. Kwa hiyo aliwaambia wazi: kazi nzima ni laki sita na elfu kumi na mbili, na anataka zote ziwe kwenye akaunti ya kamati Jumamosi kufika adhuhuri.

"Zikipungua hata elfu kumi, vijana wangu nawapeleka Shanzu," alisema. "Na tukienda Shanzu, kurudi ni baada ya mvua, inshallah."

Absalom akaenda kupima. Absalom alikuwa karani bandarini miaka thelathini na moja, akihesabu makontena, na mtu huyo hata chumvi akikuazima atakuandikia karatasi. Alivuta tepu yake juani asubuhi nzima, akarudi na hesabu safi. Njia ina urefu wa futi mia tatu na upana wa futi kumi na tano. Upande wa kushoto kuna nyumba sita, Mueni akiwemo, kila moja futi hamsini. Upande wa kulia kuna nyumba mbili za futi sitini sitini. Mwisho wa njia iko ghorofa ya Absalom mwenyewe, yenye wapangaji kumi na sita, na kwa kuwa njia inamgusa kwenye geti tu, yeye futi zake ni kumi na mbili. Zilizobaki za upande wa kulia, futi mia moja na themanini, ni za Hawe Nyamvula. Kila futi ni shilingi elfu moja. Mwenye ghorofa, elfu kumi na mbili. Bibi kizee wa nyumba ya makuti, laki moja na elfu themanini.

Jamani! Hesabu ilisomwa kwa sauti, mbele ya watu wazima wenye akili zao, na hakuna aliyekohoa.

Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi, na mtaa mzima, wa bara kwa wa pwani, ulimwita hivyo. Alikuwa mjane wa mzee Mwarandu, aliyewauzia wote viwanja zaidi ya miaka ishirini iliyopita, wakati Utange ilikuwa mikorosho na nyani. Kilichobaki kwa mjane ni ukanda mwembamba kando ya njia: nyumba yake, mihogo, kuku, na kaburi la mzee lililosakafiwa kwa saruji. Alikuwa akiuza nazi na mchicha, na kama ulitaka kusifiwa usiende kwake, maana ulimi wake ulikuwa upupu. Lakini siku ile kikaoni aliuliza jambo moja tu.

"Laki moja na elfu themanini?"

"Ndiyo, Hawe," akasema Absalom. "Futi ni futi."

Nyamvula akajifunga leso yake vizuri. "Haya. Nitalipa."

Watu wakashusha pumzi. Mueni alishusha kubwa kuliko wote, akasema moyoni kwamba pengine Kai, mwanawe Hawe anayeendesha lori, ameleta pesa. Hakuuliza. Mtu akitaka kitu sana, masikio yake hujifunga yenyewe.

Jumatano Faki alikuja na kamba na chokaa kuweka alama. Akatembea na njia yote, Mueni na Absalom nyuma yake, mpaka akafika katikati, akasimama. Palikuwa na minazi mitatu njiani, mikubwa, ambayo watu wamezoea kuizunguka hata hawaioni.

"Hii itakatwa," akasema Faki. "Ya nani?"

"Ya nani vipi?" akauliza Absalom. "Iko barabarani. Ni ya barabara."

Faki akamtazama Absalom, akamtazama Mueni, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Wallahi nyinyi watu wa bara mtaniua! Mnazi wa barabara? Mnazi una mwenyewe, mzee wangu. Huku kwetu mtu anaweza kukuuzia ardhi asikuuzie mnazi. Ardhi yako, nyumba yako, na mnazi uliomo uani mwako ni wa mtu mwingine, na anakuja kuangua nazi zake na wewe unampa maji ya kunywa. Mtafuteni mwenyewe. Sikati mnazi wa mtu mimi, nikaja kulaaniwa kwa ajili ya kabro."

Absalom akanung'unika kwamba hayo ni mambo ya zamani. Kuna jambo lilikuwa limemchoma Mueni ubavuni, na hakutaka kuligusa mbele za watu.

Alipofika nyumbani alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mkataba wa kununua kiwanja ulikuwa chini kabisa, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, na wino umeanza kufifia. Siku alipoutia sahihi alisoma bei na vipimo, basi. Nani husoma mengine? Sasa akayasoma. "Muuzaji ameuza ardhi pekee. Minazi yote, iliyo ndani ya kiwanja na iliyo njiani, inabaki mali ya muuzaji na mkewe Nyamvula. Njia ya futi kumi na tano imetolewa na muuzaji katika ardhi yake mwenyewe, bila malipo, ili wanunuzi wapate kupita."

Aliketi sakafuni. Uani mwake palikuwa na minazi miwili, naye alikuwa amekunywa madafu yake na kupikia nazi zake miaka kumi na minane. Akakumbuka siku moja, hata mwaka haujaisha tangu ahamie, alipomkuta mkwezi juu ya mnazi. Alimpigia kelele za mwizi mpaka majirani wakatoka na fimbo. Yule mtu alishuka anatetemeka, akasema ametumwa na mama pale ng'ambo. Mueni hakuamini, akamfukuza kwa mwiko wa ugali. Na jioni ile ile, alipokutana na Nyamvula, akamsimulia kisa kile kama mzaha! Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu akapiga hesabu nyingine, maana fundi hawezi kuacha kupima. Futi mia tatu kwa futi kumi na tano. Futi mraba elfu nne na mia tano. Kiwanja kizima cha Utange, hamsini kwa mia, ni elfu tano. Kumbe njia ile wanayoigombania, njia wanayomtoza yule mama laki moja na elfu themanini, ni karibu kiwanja kizima cha kwake mwenyewe, na hakuna aliyempa hata shilingi.

Sasa ungedhani Mueni alitoka mbio kwenda kwa Absalom. Hakutoka. Alijua akisema neno hilo, laki na themanini za Hawe zinatoweka kwenye orodha, na Jumamosi imebaki siku tatu. Nani angeziba pengo? Wale wa mia tano na risiti? Kikao kingevunjika, Faki angekwenda Shanzu, na mvua ingekuja kuchukua nguo zake nyingine. Alikaa na ile karatasi mkononi mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaikunja, akairudisha sandukuni, akalisukuma sanduku chini ya kitanda. Ndiyo, aliirudisha. Siku ile barabara ilimshinda nguvu.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni anapiga pasi gauni la mteja alipomwona mtu anapima mihogo ya Hawe kwa hatua. Alikuwa Dancun, dalali wa viwanja, kijana mwenye simu mbili na maneno matamu. Alitembea kutoka kwenye banda la kuku mpaka karibu na kaburi la Mwarandu, akachomeka kijiti pale, hatua mbili kutoka kwenye saruji. Mueni akaacha pasi ikiwaka, akavuka njia.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba." Nyamvula alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi, hakuinua macho.

"Yule anafanya nini?"

"Anapima. Ana mteja wa laki mbili kwa nusu ya pale nyuma. Nalipa barabara yenu, inabaki elfu ishirini, natengeneza paa."

"Laki mbili! Hawe, huo ni wizi! Kipande kile kinazidi hapo mara tatu."

"Mwenye haraka hachagui bei. Si mlisema Jumamosi?"

Mueni alitazama kile kijiti, na pale alipokichomeka Dancun, mnunuzi akijenga choo chake kitapakana na mzee Mwarandu. Akajikuta anasema kabla hajapanga maneno.

"Hawe, minazi ya njiani ni yako. Na ya uani kwangu."

Mkono uliokuwa ukikuna nazi ukasimama. "Najua ni yangu. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

"Na njia pia mliitoa nyinyi. Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Nilisema zamani," akajibu Nyamvula. "Nilimtuma mkwezi kwako, ukamtoa mbio na mwiko. Nikajua hilo ndilo jibu. Kwa jirani yako wa pili nikaambiwa mnazi umo ndani ya ukuta wake, basi ni wake. Nikanyamaza. Nikasema hawa watu wametoka mbali, kwao hakuna minazi, labda ndivyo walivyolelewa."

"Nisamehe, Hawe." Machozi yalimlenga Mueni, na hakujali kuyaficha. "Nisamehe. Mimi ni mjinga."

"Mjinga, ndiyo. Lakini usinililie kwenye nazi." Akaanza kukuna tena. "Na usiende kuniombea huko. Nitozwe barabara ya mlangoni kwangu halafu nisemwe sina? Mimi si mtu wa kuchangiwa. Bora niuze."

"Siendi kukuombea. Nakwenda kusoma karatasi."

Mueni akarudi kwake, akakuta gauni la mteja limeungua kola. Hata hakuguna. Alilivuta sanduku la bati, na safari hii hakulirudisha.

Kikao kilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, mahali walipozoea, kwenye uwanja wa kuegesha magari chini ya ghorofa ya Absalom. Wenye nyumba wote kumi walifika, na Nyamvula alikuja na kigoda chake. Absalom alikuwa na furaha. Pesa zote zimeingia, alisema, isipokuwa za Hawe, na Hawe ameahidi kesho asubuhi.

Mueni akasimama. "Hesabu ile niliileta mimi," akasema, "na nimekuja kuikataa."

Akasoma mkataba wake, polepole, sehemu ya minazi na sehemu ya njia. Akawaambia kuhusu futi mraba elfu nne na mia tano. Akawaambia kuhusu mkwezi na mwiko, na hapo wengine wakatazama chini, maana hakuwa peke yake aliyefukuza mkwezi. "Tumemtoza mama huyu kwa urefu wa njia," akasema, "wakati njia yenyewe ni yake. Kipande chake alikwisha lipa kwa ardhi, na akatulipia sote. Futi mia moja na themanini zifutwe."

Kelele zilizolipuka pale! Mmoja alisema hayo yalikuwa makubaliano ya marehemu na hayawahusu. Mwingine akasema kwa nini mambo haya yaletwe leo, imebaki siku moja. Lynnette, nesi anayekaa nyumba ya pili upande wa kulia, akauliza lililokuwa kichwani mwa kila mtu: "Sawa, zimefutwa. Laki moja na themanini zitatoka wapi?"

"Kwetu tisa," akasema Mueni.

"Haiwezekani!" Absalom alikuwa amesimama, mshipa wa shingo umemtoka. "Tulipiga kura! Mimi nilipima kwa mkono wangu! Leo tunabadilisha kwa sababu ya huruma, kesho mwingine ataleta huruma yake. Huruma haina kipimo. Mnataka haki au mnataka huruma?"

"Sijasema huruma, mzee," akasema Mueni. "Nimesoma karatasi. Wewe ni mtu wa karatasi. Kalete yako uisome."

Absalom akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue viatu. Lakini bandarini alikuwa amewafundisha vijana wengi kwamba neno bila hati ni upepo, hakuweza sasa kukataa hati. Akapanda ngazi. Kwa nini alichelewa huko juu hakuna ajuaye. Watu walikaa wanasikiliza televisheni ya mpangaji fulani. Aliposhuka alikuwa na faili ya plastiki, kila karatasi mahali pake, na miwani puani. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya kikaoni. Kiwanja, vipimo, bei. Minazi ni ya muuzaji. Kisha sauti ikapungua.

"Hatusikii!" akasema Lynnette.

Absalom akakohoa. "'Njia ilikusudiwa kuishia futi mia mbili na arobaini,'" akasoma. "'Kwa kuwa Bwana Absalom hakuwa na uwezo wa kununua kiwanja cha mbele, muuzaji ameongeza njia futi sitini katika ardhi yake, bila malipo, ili imfikie.'"

Hata waliokuwa wakimpinga Mueni wakamgeukia Absalom. Absalom alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaisoma ile sentensi mara ya pili bila sauti. Mwaka ule alikuwa na watoto wanne na mshahara wa karani, na mzee Mwarandu alimwonyesha kiwanja cha mwisho ambacho hakuna aliyekitaka. Alikuwa amesahau. Ukipata ghorofa, ni rahisi kusahau ulifikaje kwenye msingi.

"Futi sitini," akasema mwishowe, na sasa alikuwa akizungumza na Nyamvula. "Pande mbili, mia na ishirini. Ukitoa zile kumi na mbili nilizokwisha andikiwa, ni mia moja na nane." Akafunga faili. "Niandikieni laki moja. Hizo nane mnisamehe, wapangaji watano wamenihama kwa sababu ya tope."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikawafungua wote. Zilizobaki elfu themanini ziligawanywa kwa nyumba nane, elfu kumi kila moja, na hakuna aliyepata uso wa kubisha baada ya Absalom kukubali laki. Mueni mwenyewe alijua hizo kumi zitatoka wapi: kwenye akiba ya mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, aliyokuwa akiiwekea tangu mwaka jana. Iliuma kidogo. Lakini ilikuwa maumivu anayoweza kulala nayo.

"Basi kikao kimefungwa," akasema Absalom.

"Hakijafungwa," akasema Nyamvula.

Wote wakageuka. Alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake, mikono mapajani. "Njia mzee wangu aliitoa, na mimi nikiwapo, na sisi hatudai kitu tulichotoa. Lakini minazi hatukutoa. Minazi mitatu mnaikata, bado inazaa. Kila mmoja elfu saba."

"Elfu saba!" akasema Absalom, ambaye ndani yake karani hajafa. "Elfu tano, Hawe."

"Saba. Na magogo ni yangu."

"Tano na nusu, na magogo yako."

"Absalom, mwanangu, ulipokuja hapa ulikuwa na suruali moja. Sita, na magogo yangu, na makuti yangu, na mkwezi wangu akija kwenu kuangua mnampa maji ya kunywa."

Sita ikapita. Nazi za uani waligawana kuanzia siku ile, nusu kwa nusu, kwa mashauri ya Nyamvula mwenyewe, kwa sababu alisema hana nguvu ya kubeba nazi za mtaa mzima. Kila nyumba ikaongeza elfu mbili za minazi, na Hawe Nyamvula, aliyekuja kikaoni akidaiwa laki moja na elfu themanini, akaondoka akiwadai elfu kumi na nane. Zililipwa papo hapo, kwa simu, na akahesabu meseji zilizoingia kwa sauti mara mbili.

Absalom hakumwacha aende hivi hivi. Alichukua kitabu cha risiti, akamwita Mueni ashuhudie, na kwa ule mwandiko wake wa bandarini akaandika: Imepokelewa kutoka kwa Bi Nyamvula Mwarandu, futi mia moja na themanini za barabara, zimelipwa kwa ardhi. Hana deni. Akapiga muhuri wa kamati.

Jumamosi saa nne asubuhi, pesa ziko kamili, lori la kwanza la mchanga likaingia kinyumenyume, Faki mbele yake akipunga mikono na kumtukana dereva kwa upole. Mueni alikuwa mlangoni, kikombe cha chai kinapoa mkononi, anaangalia tu. Alikuwa na furaha ya kitoto, angetamani kuruka.

Dancun akatokea nyuma ya lori na mteja wake, mtu mnene mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa, akiruka madimbwi kama kuku. Nyamvula alikuwa amesimama kando ya mihogo yake, ameweka mikono kiunoni, anawasimamia vijana wa Faki kana kwamba ndiye aliyewaajiri.

"Hawe, mteja ndiye huyu, na pesa anazo hapa hapa," akasema Dancun. "Tumalize haraka, si unataka kulipa ya barabara leo?"

Nyamvula akafungua fundo la leso, akatoa ile risiti, akaikunjua mbele ya macho yake. Dancun akaisoma, akaisoma tena, akamtazama mteja wake.

"Barabara hii nililipa wewe hujazaliwa," akasema Nyamvula. "Hakuna ardhi inayouzwa hapa. Hebu kaeni kando, baba, mchanga unamwagwa."